Maazimio ya Kauli ya Kutendwa

Nina daftari jeusi ninalolifungua mara moja kwa mwaka, ile wiki ya mwisho ya Desemba ambayo wateja hawapokei simu na hakuna anayeharakisha tangazo lake lihaririwe. Humo huandika maazimio. Safari hii, kabla ya kuandika mapya, nilirudi nyuma nikasoma ya miaka mitano, nikakuta kitu ambacho mwalimu yeyote wa Kiswahili angekizungushia kalamu nyekundu. Kuchaguliwa na tamasha kubwa. Kufadhiliwa. Kualikwa kwenye warsha ya waandishi. Kupokewa na msambazaji. Kutambuliwa. Kila kitenzi kimebeba ile w ndogo mwishoni. Kauli ya kutendwa, ukurasa baada ya ukurasa.

Mtu anayejiita mtengenezaji filamu huru, na neno hilo "huru" kaliweka hadi kwenye saini ya barua pepe, amepanga miaka mitano ya maisha yake kwa sentensi ambazo mtenda wake ni mtu mwingine. Tena mtu asiyemjua. Pembeni ya daftari, juu ya meza ileile, ipo diski yenye filamu yangu ndefu ambayo haijaisha. Faili la karibuni kabisa linaitwa MWISHO_KABISA_4.

Ninavyoona, maazimio ya watu wa fani yetu hayafi kabla ya Machi kwa sababu ya uvivu. Mtu anayeamka saa tisa usiku kuwahi mwanga wa alfajiri, akapandisha stendi za taa ghorofa nne kwa ngazi, hana tatizo la nidhamu. Shida ni kwamba azimio linalongoja uamuzi wa mtu mwingine huwezi kulitekeleza wala kulivunja. Unalisubiri tu. Na anayesubiri huonekana mbele ya wenzake, hata mbele ya nafsi yake, kama mtu aliye kazini.

Chukua hilo la tamasha. Kwa Sundance, tamasha kubwa la filamu huru la Marekani, ya mwaka 2024 ziliwasilishwa filamu ndefu zaidi ya 4,400, na zilizopata nafasi hazikufika 100. Filamu fupi zilikuwa zaidi ya 12,000. Zilizochaguliwa hazikufika 60, yaani katika kila 200 hata moja haikutimia. Haiwezekani kwamba zote zilizobaki nje zilikuwa mbovu. Wanaochagua hawapimi filamu mojamoja kana kwamba wanasahihisha mtihani. Wanapanga ratiba. Ikiwa tayari wanazo mbili za mama na binti wasiozungumza, ya tatu itabaki nje hata kama ndiyo bora. Filamu fupi ya dakika 28 inakaa mahali ambapo zingekaa mbili za dakika 14. Wengine wanataka onyesho la kwanza kabisa, na wewe ulishaipeleka kwenye tamasha dogo mwezi uliopita kwa kuwa ndio waliokujibu haraka. Hayo yote hutayakuta kwenye barua ya kukataliwa, ambayo husema tu kwamba mwaka huu ushindani ulikuwa mkali.

Sisemi tuache kutuma. Nitatuma. Lakini "kuchaguliwa" ni dua, na dua ina mahali pake. Azimio ni kukata dakika nane kwenye ile filamu yangu fupi ya dakika 28, jambo ambalo mhariri mwenzangu amenisihi tangu mwaka juzi nami nikalikataa kwa kiburi, nikisema inahitaji kupumua. Imepumua vya kutosha. Azimio jingine ni kuandika, sasa hivi kabla dirisha la kutuma halijafunguliwa, kiasi cha mwisho nitakachotumia kwa ada za matamasha, na kikiisha nisimame hapo hata moyo ukinidunda.

Wako wanaoukwepa mtego huu wakaangukia mwingine. Wao huandika vitenzi vya kutenda, na wanachokipenda kuliko vyote ni kununua. Kununua kamera mpya, lenzi, droni. Nami nimepita huko; kuna mwaka, kabla ya hii mitano, niliandika kamera tatu kwenye ukurasa mmoja. Mjadala huu haukosi mtu wa kumtaja mwongozaji wa Marekani Sean Baker, ambaye filamu yake Tangerine ya mwaka 2015 ilipigwa kwa iPhone 5s. Upande mmoja wanasema, umeona, kamera si kitu. Upande wa pili wanakimbilia kununua simu. Wanachokiacha ni kwamba hiyo ilikuwa filamu yake ndefu ya tano, kwamba simu zilifungwa lenzi za nyongeza za kupanua picha, na kwamba sauti haikurekodiwa kwa simu bali kwa vifaa vya kitaalamu. Miaka kumi baadaye, Machi 2025, alipokea Oscar nne kwa filamu moja, Anora: ya mtayarishaji, ya mwongozaji, ya mwandishi na ya mhariri. Nikimtazama siioni simu. Namwona mtu aliyemaliza filamu nane.

Kumaliza. Kitenzi hicho hakimo hata mara moja kwenye kurasa zangu tano. Mama yangu, ambaye hajui tofauti ya tamasha hili na lile na wala hajali, hajawahi kuniuliza kama filamu imechaguliwa. Huuliza hivi: "Mwanangu, ile sinema yako imeisha?" Nilikuwa nikimjibu kwa hotuba.

Acha niseme ilikwamia wapi. Dakika ya 71 kuna sini ya jikoni: binti anamwambia baba yake kwamba akitoka leo harudi tena. Waigizaji walinipa kitu ambacho sikukitegemea. Mshika maiki alikuwa rafiki aliyekuja kusaidia, na tuliporudia mara ya pili akainua mkono, akasema kuna kitu kinavuma. Jokofu. Nikamwambia tuendelee, tutarekebisha kwenye uhariri. Sijui sentensi ghali kuliko hiyo katika kazi yetu. Jokofu hujiwasha na kujizima lenyewe, hivyo kwenye picha za binti mvumo upo na kwenye picha za baba haupo. Ukiziunganisha, jiko zima linasikika kama linavuta pumzi na kuitoa. Programu za kusafisha sauti zinauondoa mvumo, ila zinaondoka na nyama ya sauti ya mtu pia, anabaki kama anaongea ndani ya kopo. Nilihangaika nayo miezi mitatu. Kisha nikaanza kuwa na shughuli nyingi.

Mafundi sauti wana mbinu ya siku nyingi kwa jambo hili. Unazima jokofu, halafu unaweka funguo za gari lako ndani yake. Hutaweza kuondoka bila kulifungua, na ukilifungua utakumbuka kuliwasha, vitu vya mwenye nyumba visioze. Nyingine nayo ni ya bure: kabla ya kuhama chumba, watu wote wananyamaza kwa sekunde 30 au dakika nzima, mnarekodi ukimya wa chumba hicho. Mhariri atautumia kuziba mianya kati ya maneno, maana hakuna vyumba viwili vyenye ukimya unaofanana. Watu huona aibu kusimama kimya dakika nzima, wanacheka, wanakohoa. Mwaka huu watasimama. Mtazamaji huvumilia picha yenye chengachenga, lakini maneno asipoyasikia anazima. Pamoja na hayo, kwenye bajeti zetu sauti bado inakuja chini ya usafiri.

Baada ya sauti ni makaratasi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo nilipoumia zaidi. Charles Burnett aliipiga filamu yake Killer of Sheep akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha UCLA, siku za mwisho wa wiki, kwa bajeti isiyofika dola 10,000, akaimaliza mwaka 1977. Mwaka 1990 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiweka kwenye orodha ya filamu za kuhifadhiwa kama urithi wa taifa. Kwenye kumbi za sinema, hata hivyo, haikuingia mpaka 2007. Miaka 30. Kikwazo kikubwa kilikuwa muziki: nyimbo alizotumia hazikuwa na vibali vya kuonyeshwa kibiashara, na kuvilipia kulikuja kugharimu dola 150,000. Burnett anasameheka; ile ilikuwa kazi ya shahada, hakuitengeneza kwa ajili ya kuuzwa. Mimi ninayesema kila siku kwamba yangu ni ya kuuzwa nina udhuru gani?

Maana kwenye filamu yangu kuna wimbo. Ruhusa yake ni ujumbe wa sauti wa sekunde tisa: "Wee tumia tu, ndugu yangu." Ujumbe wenyewe ulikuwa kwenye simu ambayo sinayo tena. Hata ningekuwa nayo, rafiki yangu anaweza kunipa kile kilicho chake tu, yaani rekodi. Maneno aliandika mtu mwingine, na huyo sijawahi kumuuliza. Kuna pia mwenye nyumba tuliyoitumia siku nne, ambaye tulipeana mkono, na mpita njia mmoja anayeonekana sura yake yote katika sini ya kituo cha basi kwa sababu nilipenda alivyogeuka. Karatasi moja kila mmoja, saini, tarehe. Kazi ya wiki mbili, nikizidisha.

Upande wa pili wa makaratasi ni msambazaji. Filamu yangu ya kwanza niliisainia mkataba nikiwa nimesoma mstari mmoja, ule wa asilimia: 70 yangu, 30 yao. Nikawaza, hawa watu ni waungwana. Sikuuliza asilimia 70 ya nini. Pesa ya filamu hushuka kama maji kwenye ngazi. Jukwaa la mtandaoni linaloionyesha linakinga ndoo yake kwanza, msambazaji anakinga kamisheni, halafu anajirudishia gharama za bango, trela, matangazo na safari za kwenda masokoni. Kinachotiririka mpaka chini ndicho kinachogawanywa. Mkataba usipoweka kikomo cha hizo gharama, zinaweza kumaliza kila kitu na hakuna aliyeiba hata senti. Nilipata ripoti mbili, zote zikionyesha kwamba mimi ndiye ninayedaiwa. Haki za filamu zilikuwa zao kwa miaka 15, dunia nzima. Mwaka wa tatu waliacha hata kujibu.

Kwa hiyo siku hizi asilimia naisoma mwisho. Nianzie kwenye kikomo cha gharama, niende kwenye muda, kisha maeneo, kisha kifungu kinachosema haki zinanirudia lini wakishindwa kuuza. Kama kifungu hicho hakipo, naomba kiandikwe. Wakikataa kukiandika, wameshanijibu maswali mengine yote.

Kuna hadithi tunazopeana moyo nazo ambazo nadhani zimetuharibu. Robert Rodriguez alipiga El Mariachi kwa takriban dola 7,000, sehemu yake akiipata kwa kujitoa kufanyiwa majaribio ya dawa. Husimuliwa hadi hapo. Kipande kinachofuata ni kwamba nakala iliyoingia kumbini mwaka 1993 ilikuwa imepita mikononi mwa studio iliyoinunua, ikachanganywa sauti upya na kuhamishiwa kwenye mkanda mpana kwa pesa nyingi kuliko hizo 7,000. Mimi nampenda zaidi Christopher Nolan wa Following, ya mwaka 1998, kwa sababu ratiba yake naweza kuiiga. Watu wake walikuwa na ajira zao, wakawa wanashuti mwisho wa wiki kwa takriban mwaka mzima. Mkanda wa milimita 16 ulikuwa ghali, basi walifanya mazoezi mpaka sini ikae ndipo wawashe kamera, wakachukua mara moja, mara mbili, wakahama. Hakuna aliyelala wodini.

Nimeacha pia kuona haya kwamba nalipa kodi ya nyumba kwa kuhariri video za mafunzo za makampuni. John Cassavetes aliigiza kwenye filamu za wengine ili agharamie zake. Kilichobadilika kwangu ni kwamba Jumanne na Alhamisi asubuhi, kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa tatu, si za mteja. Hilo si wazo kubwa. Ni saa sita kwa wiki, ambazo kwa mwaka ni zaidi ya saa 300, na filamu iliyobakiza dakika ishirini haihitaji zote.

Kuhusu umri nipite haraka, kwa kuwa ni ugonjwa wa kila Januari: mtu ana miaka 34 anasema amechelewa. Ousmane Sembène wa Senegal, aliyezaliwa 1923, alibeba mizigo bandarini Marseille, akawa mwandishi wa riwaya, ndipo akaenda Moscow kusomea filamu akikaribia miaka 40, kwa kuwa watu aliotaka kuzungumza nao hawakuwa na njia ya kusoma vitabu vyake. Filamu ndefu ya kwanza aliitoa 1966. Ya mwisho, 2004, akiwa na miaka 81.

Usingizi nao hauandikwi kwenye madaftari. Mwaka 1997 nchini Marekani msaidizi wa kamera alifariki katika ajali akijiendesha kurudi nyumbani, baada ya siku ya kazi ya saa 19. Mpigapicha Haskell Wexler, mwenye Oscar mbili, alitumia miaka mingi baada ya hapo akidai siku ya seti isizidi saa 12, akatengeneza hadi dokumentari kuhusu jambo hilo. Hizo ni seti zenye mishahara, bima na vyama vya wafanyakazi. Sisi tusiolipana tunapata wapi ujasiri wa kumweka mtu saa 16? Tunauita mapenzi ya kazi. Filamu yangu ilikuwa na siku mbili za saa 17, na kwa muda mrefu nilizisimulia kwa majigambo, kama mtu anayeonyesha kovu. Sikuwahi kujiuliza yule kijana wa taa alifikaje kwao usiku ule. Nilikuja kumuuliza mwezi uliopita. "Nililala kituoni, kaka, magari yalikuwa yamekwisha." Alinijibu hivyohivyo, bila kinyongo, na hilo la bila kinyongo ndilo lililonikaa.

Basi nikafungua ukurasa mpya nikaandika majina. Ahadi ni deni, na mimi nilikuwa sijawahi hata kuyaandika madeni yenyewe. Yalitoka majina 14. Huyu nilimwahidi malipo filamu ikiuzwa. Yule nakala yake. Mwingine kwamba jina lake litaandikwa kwa herufi anazozitumia yeye, maana kwenye filamu fupi nililikosea. Nilipofika kwa mwigizaji aliyecheza binti katika ile sini ya jikoni, kalamu ilisimama.

Aliniomba kile kipande tangu mwaka wa kwanza. Dakika tatu tu, za kuonyesha kwenye majaribio ya kuigiza. Nikamwambia subiri, sauti haijakaa, sitaki watu waione ikiwa nusu. Akauliza tena baada ya miezi kadhaa, kwa adabu ileile: "Samahani kaka, ile sini ilifikia wapi?" Nikajibu kwamba ipo njiani. Mara ya tatu hakuuliza. Kazi bora aliyowahi kuifanya imelala kwenye diski juu ya meza yangu, naye amekuwa akienda kwenye majaribio na vipande vya zamani. Kama naye ana daftari, na nadhani analo, basi humo kuna kitenzi chenye w mwishoni, kutumiwa ile sini, na mtenda anayengojwa ni mimi. Tena miaka yote hiyo nilikuwa nikinung'unika juu ya watu wasiojibu barua pepe.

Leo ni tarehe 6 Januari. Diski nimeinakili mara mbili, nakala moja iko nyumbani kwa dada yangu, mbali na meza hii. Ukurasa wa mwaka huu una mistari minne na hakuna wa kutendwa hata mmoja, ingawa nilijaribu kuupenyeza mmoja nikaufuta. Jana jioni nilimpigia mwigizaji. Nilianza kwa kuomba radhi, nikaona naanza kutoa hotuba kama zile ninazompa Mama, nikakatisha. Nikamweleza kwamba sini itabidi tuirekodi upya kwa sauti tu, yeye akiitazama picha na kufuata midomo yake mwenyewe ya miaka mitatu iliyopita, na kwamba baba yake wa kwenye filamu amekwisha kubali. Kazi hiyo ni ngumu kuliko watu wanavyodhani. Midomo kuifuata ni rahisi. Hasira ndiyo haitaki kurudi mara ya pili.

Hakusema lolote kuhusu kuchelewa. Aliuliza siku gani. Nimempa tarehe 18, saa mbili asubuhi, kwenye chumba changu cha kulala, ambacho ndicho chenye ukimya kuliko vyote. Kina kuta tupu lakini, na sauti inarudi. Nina siku 12 za kutafuta mablanketi.